Bi Kanyaga na Zulia la Buluu

Watu wengi huwajua wenzao kwa sura. Bi Kanyaga aliwajua kuanzia kifundo cha mguu kushuka chini. Ungemwonyesha picha ya daktari mkuu wa macho angekuuliza, "Huyu nani tena?" Lakini daktari huyohuyo akipanda tu ngazi za nje, naye Bi Kanyaga yuko kwenye magoti anachokoa tope, angekuambia bila kuinua kichwa kwamba leo kavaa vile viatu vya kahawia, kisigino cha kulia kimelika upande wa nje, na kwamba nyumbani kwake hakukuamka salama.

Kazi yake ilikuwa mlango wa hospitali ya macho. Kufungua na kufunga ilikuwa shughuli ya mlinzi. Yake ilikuwa pale chini, baina ya ngazi ya mwisho na sakafu ya ukumbi, pale watu wanapofuta miguu. Kwa miaka kumi na tisa alilitoa zulia la mlangoni alfajiri, akalikung'uta, akalipiga kwa fimbo, akalisugua, akalianika, akalirudisha kabla foleni haijaanza kusogea. Watu mia tatu kwa siku, nusu yao mkono begani mwa mwenziwe kwa sababu hawaoni vizuri wanakokwenda.

Hilo jina la Kanyaga alijipa mwenyewe bila kujua. Watu wana adabu za ajabu: wakiona kitu kimefuliwa, wanakiogopa. Atakuja mtu mzima na ndevu zake, tope la kilo mbili kwenye soli, akiliona zulia safi ataliruka kama mbuzi anavyoruka mtaro, aende kulipiga chapa tope lake ukumbini. Hapo utamsikia mwenye mlango wake: "Kanyaga, baba! Kanyaga, halina mwenyewe! Na huo mguu mwingine, au huo haukutembea?"

Lakini saa aliyoipenda ni ile ya alfajiri, kabla ya makelele. Taa za ukumbi zimezimwa, jua halijatoka, kuna mwanga mdogo wa kijivu ambao hujui unatoka wapi. Akilining'iniza zulia kwenye kamba na kulipiga, vumbi lilipanda polepole, na kila pigo lilikuwa na rangi yake. Jekundu la njia za mlimani. Jeupe la wachoma chokaa. La kijivu la mafundi wa saruji. Mara nyingine unga, mara nyingine majivu ya jikoni ya mama fulani aliyetoka mbio. Alisimama na fimbo yake akiangalia, na ilimjia kwamba njia zote za watu zilikuja kulala ndani ya zulia lake, na yeye ndiye anayeziamsha na kuziachia ziende. Alisimama hivyo mpaka mlinzi akohoe.

"Bi Kanyaga, umeshikwa tena?"

"Naangalia tu."

"Unaangalia vumbi kama wenzako wanavyoangalia harusi."

"Harusi ina nini? Watu walewale, chakula kilekile."

Mambo yalianza kuharibika vilipokuja vigae. Sakafu ya zamani ilikuwa ya saruji, mbaya lakini yenye huruma, ukiteleza ilikushika. Vigae vipya vilikuwa vyeupe, vinang'aa hata ukaona sura yako ikitembea chini yako kichwa chini miguu juu. Wakubwa walikuja wakapiga makofi. Kisha mvua nayo ikaja, na mvua haikupiga makofi. Zulia lilikuwa moja, limechakaa, katikati limebaki uzi na imani. Likilowa asubuhi lilibaki limelowa mpaka jioni, na kila aliyelikanyaga aliondoka na maji mengi kuliko aliyokuja nayo. Bi Kanyaga aliomba la pili la kubadilishana. Akaambiwa subiri. Akasubiri. Siku ya Alhamisi bibi mmoja aliyekuja kupimwa miwani akateleza hatua tatu tu kutoka mlangoni, akakaa chini puu, na mkono ukateguka.

Kesho yake msimamizi wa hospitali alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa umri mdogo kidogo, mpya, mwenye viatu vilivyochongoka mbele kama penseli. Alimwamkia kwa adabu kamili, shikamoo na kila kitu, na hapo ndipo Bi Kanyaga alipoingiwa na hofu. Bosi akikuamkia sana, shika chako.

"Marahaba," alisema. "Niambie."

"Mama, yule bibi ameteguka mkono."

"Najua. Nimempa pole mwenyewe."

"Pole haikaushi sakafu."

"Wala zulia moja lililochoka haliikaushi, mkuu. Nimeomba la pili tangu vigae vije. Likilowa nifanyeje, nililambe?"

Msimamizi aliangalia dirishani ili asicheke. Kisha akasema maneno yake taratibu. Kulikuwa na kampuni ya kukodisha mazulia. Wanakuja na gari, wanachukua machafu, wanaacha masafi, basi. Mtu wao angekuja Ijumaa ya wiki inayofuata na karatasi za kutia saini. Wakishaingia wao, mlango hauhitaji tena mtu.

"Na mimi?"

"Kuna nafasi kule chini. Kufulia."

Alikujua kufulia. Kulikuwa chini ya ardhi, hakuna dirisha, mashine zinanguruma kutwa, unakunja mashuka mpaka unajisahau jina. Shuka zote ni nyeupe, zote zimetoka kitandani zinarudi kitandani. Hakuna iliyotoka mlimani. Mguu wa mtu hupita juu ya kichwa chako, husikii hata hatua.

"Lakini," msimamizi akaendelea, "mlinzi ananiambia haya mambo unayajua kuliko sisi sote. Sawa. Nenda kachague mwenyewe. Una mpaka hiyo Ijumaa. Sakafu ikiwa kavu na watu wanatembea salama, huyo mtu wa kampuni nitamrudisha. Akianguka hata mmoja…" Akaiacha hapo, akashika kalamu.

Sasa, huyu mama hakuwahi kuchagua kitu maishani mwake. Shule ilichaguliwa na baba yake, na kuacha shule vilevile. Mume alichaguliwa na shangazi, na kwa bahati shangazi alikuwa na macho. Viatu vya harusi alichagua huyo mume, kwa kuwa ni fundi viatu. Hata zulia la mlangoni miaka yote alipewa tu: hili hapa, tunza. Alitoka ofisini humo kichwa chepesi kama aliyekunywa dawa ya mafua.

Duka la mazulia lilikuwa refu, lina giza la baridi. Mazulia yalisimama yamekunjwa, marefu kwa mafupi, kama ukoo uliokusanyika na bado hakuna aliyeanza kusema. Mwenye duka, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimwacha apitepite. Akapita kwenye ya raba, akapita kwenye ya nyuzi ngumu, akapita kwenye ya kijivu yaliyorundikwa kama magunia. Hayo hakuyaangalia mara mbili. Akafika mwisho, na mwisho kulikuwa na la buluu.

Alilitia kiganja. Kikazama mpaka kwenye saa ya mkono. Lilikuwa laini kama manyoya ya kifaranga, lina uvuguvugu, kama vile kuna mtu ametoka tu kuamka humo. Bi Kanyaga alizaliwa kwenye sakafu ya udongo, akaolewa kwenye ya saruji, na miaka kumi na tisa amepiga magoti juu ya vitu vinavyochoma. Magoti yake yalikuwa na sugu unazoweza kugongea hodi. Alisimama mkono wake ukiwa humo ndani, na kile kibuluu kikapanda taratibu mkononi, begani, shingoni, akaona mlango wa hospitali na watu wote wanaingia kwa kuelea, hakuna mwenye tope, hakuna mwenye haraka, miguu yao haitoi hata sauti.

"Mama, umelala?" aliuliza mwenye duka.

"Hili ni la mlangoni?"

"La popote moyo wako unapotaka."

Kizuri chajiuza. Mwenye duka hakulazimika kuongeza neno.

Jumatatu alfajiri walilitandika yeye na mlinzi. Mlinzi alilizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Bi Kanyaga, hili tunatandika au tunalalia?"

"Tandika hapo, mdomo wako utumie kula."

Mvua ilikuwa imeanza. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mwalimu. Alistaafu siku nyingi, akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, la pili likawa linaona ukungu tu. Kila siku ya miadi alikuja peke yake na fimbo kwa kuwa njia aliijua. Alipanda ngazi, moja, mbili, tatu. Akaweka mguu kwenye la buluu. Akauinua haraka. Akauweka tena kwa ncha ya kiatu kama mtu anayepima maji ya kuoga, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Hodi," alisema.

"Karibu, Mwalimu," alijibu Bi Kanyaga. "Kanyaga tu upite."

"Samahani sana, mwanangu. Nilikuwa naenda hospitali. Nadhani nimeingia kwa watu."

"Ndiyo hospitali hii."

"Usinidanganye. Hospitali naijua, inakwaruza." Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. "Miaka thelathini nimefundisha watoto adabu. Siwezi kuingia sebuleni kwa mtu na tope."

Akavua, akaviweka ukutani vimeelekea njia, akapita. Aliyefuata nyuma yake aliona, au alihisi, akavua. Wa tatu akavua. Foleni ni kama siafu: wa mbele akipinda, wote wamepinda. Bi Kanyaga alipaza sauti, "Jamani, na viatu! Kanyageni na viatu vyenu!" Mama mmoja mwenye miwani nyeusi akamgeukia kwa hasira. "Kitu kizuri hivi nikikanyage na viatu? Wewe nani amekuweka hapa?"

Ilipofika saa tatu viatu vilikuwa vimejaa baraza lote kama umati umeyeyuka ukaacha miguu yake. Na ndani ya ukumbi, ajabu. Watu walikuwa wanatembea pekupeku. Sauti zilikuwa zimeshuka zenyewe, kama ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga aliyelala. Wauguzi, wasijue kwa nini, walitembea kwa vidole. Hakuna aliyegombea namba. Mvua ilisikika juu ya bati, taratibu, na sakafu nyeupe ilionyesha nyayo za watu zikikutana na nyayo nyingine zinazotembea chini yake kichwa chini. Bi Kanyaga alisimama mlangoni mikono imelegea. Kwa muda wa saa nzima aliisahau Ijumaa, akaisahau na kufulia. Aliona kile alichokiona dukani, kimetoka kiganjani kimesimama mbele yake, na kila mtu yumo.

Kisha wakaanza kutoka.

Hospitali ya macho, tusisahau. Mtu akishatiwa ile dawa ya kupanua mboni haoni kilicho mbele ya pua. Walitoka wakipapasa. Mzee mmoja na dereva mmoja wa lori walishika kiatu kimoja, kila mtu anavuta kwake. "Ni changu, kina shimo hapa!" "Na changu kina shimo!" Mama wa miwani nyeusi alikuwa ananusa kimoja kimoja kama anachagua samaki. Mtu mmoja aliondoka na vya kushoto viwili, na hakujua mpaka amefika barabarani, akaonekana anakwenda kwa kupinda kama mkokoteni mbovu. Huko ndani miguu iliyotoka kwenye viatu vilivyolowa ilikuwa imepaka unyevu sakafu nzima. Fundi cherehani mmoja alipiga hatua, kigae kikamkataa, mikono ikaruka juu. Mlinzi alimdaka kwapani akiwa bado hewani.

Kwenye ngazi za kuteremkia alikuwa amesimama msimamizi, soksi miguuni, vile viatu vyake vya penseli mkononi. Aliviangalia, akamwangalia Bi Kanyaga.

"Mama," alisema, "mimi nimevua viatu kwa nini?"

Bi Kanyaga alimwangalia yule fundi cherehani, mlinzi bado amemshika.

"Hakuanguka," Bi Kanyaga alisema kwa sauti ndogo.

"Hakuanguka kwa sababu mlinzi si zulia. Leo Jumatatu, mama. Bado Ijumaa."

Jioni ile mume wake alimkuta ameketi kizingitini hajavua hata kilemba. Fundi viatu alifanyia kazi chumba cha mbele, na misumari midogo ilikaa mdomoni mwake tangu asubuhi. Alizoea kuongea nayo humo humo, maneno yakipita pembeni. Alisikiliza kisa chote akigonga soli.

"Hilo zulia," aliuliza, "ulilipima na nini?"

"Na nini tena? Na mkono."

Fundi alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo. Ilikuwa ishara ya jambo zito.

"Mke wangu. Miaka thelathini unalala na fundi viatu. Halafu unaenda kupima kitu cha mguu kwa kiganja."

"Lilikuwa laini, baba watoto. Wewe hujui raha."

"Raha naijua, si nilikuoa?"

"Usinichekeshe, nimekasirika."

"Kasirika, lakini kula kwanza. Mchagua jembe si mkulima, sawa, lakini angalau hulishika mpini." Akachukua nyundo tena. "Wewe umelipapasa kama mtoto."

Alikula. Usiku alilala akihisi kila mahali anapoweka mguu kwenye godoro panazama.

Jumanne, kabla ya mlinzi kuwasha redio yake, Bi Kanyaga alimwomba muuguzi wa zamu kipande cha bandeji, akajifunga macho yote mawili, akaenda kusimama langoni.

"Ukigonga nguzo nisilaumiwe," alisema mlinzi.

"Nyamaza nisikie."

Alikuwa hajawahi kuuingia mlango wake. Aliuangalia miaka yote kutoka chini, kutoka kwenye magoti, lakini kuingia kama wanavyoingia wao, hapana. Alianza kutembea. Kokoto zilimwambia yuko njiani. Zikaisha, ikaja saruji, akajua yuko kwenye ngazi. Moja, mbili, tatu. Halafu dunia ikakatika. Mguu ulishuka ukaendelea kushuka, hakuna sauti, hakuna kitu, kama vile ndotoni unaporuka mtaro na ng'ambo ya pili haipo. Alisimama kwa mguu mmoja kama korongo, mikono inatafuta ukuta. Mlango uko wapi? Ameshaingia au bado? Kisha aligundua kwamba ameinama, na mikono yake, bila kumwuliza, inafungua viatu.

Akacheka peke yake gizani humo. Akavifunga tena, akaendelea, na hatua ya tatu kigae kikamvizia. Kisigino kiliteleza shibiri nzima.

"Mlinzi! Kalete lile la zamani stoo."

"Lile maiti?"

"Lilete."

Walilibadilisha. Alirudi langoni, akaja tena macho yamefungwa. Kokoto. Ngazi. Kisha *krr*, *krr*. Lilikuwa limechakaa, limeliwa katikati, lakini liliongea. Lilimwambia: hapa mlango, sasa unaingia, futa. Alisimama juu yake muda mrefu akikwaruza miguu, na nyuma ya bandeji aliwaona wote waliowahi kupita hapo wasione, namna walivyokuwa wananyoosha mgongo wakifika hapo. Alidhani miaka yote ni kwa sababu ya kumwona yeye. Lakini *krr*, *krr*, halafu kimya, halafu kigae. Kila mguu uligusa mara moja tu. Mara moja haitoshi hata kufuta pua. Alirudi akahesabu hatua zake, akahesabu tena, akajua ni kipi kimepungua. Mguu mmoja unataka kugusa mara tatu: mara ya kwanza kuangusha tope, ya pili kusuguliwa, ya tatu kukaushwa. Na kila mara uambiwe ulipo.

Saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwa msimamizi.

"Nimekosea mimi," alisema kabla hajaambiwa akae. "Si mvua, si mwenye duka, si wagonjwa. Nilichagua kitu cha kunifurahisha mimi. Nataka nikalirudishe nichukue mengine."

"Mama, duka gani linapokea zulia lililokanyagwa na watu mia tatu?"

"Hapo ndipo penye habari njema, mkuu. Hakuna mgonjwa aliyepita juu yake na kiatu. Walivua wote. Hata wewe."

Msimamizi aliangalia viatu vyake vya penseli. Akaandika barua ya kwenda dukani.

Bi Kanyaga alilikung'uta na kulikausha kwanza, ndipo akalipeleka. Mwenye duka aliliangalia kila upande, akavaa miwani akaliangalia tena, akalinusa. Hakupata hata punje ya mchanga. "Hospitali yenu watu wake wanaruka?" aliuliza. Bi Kanyaga alikuwa ameshafungua mfuko aliokuja nao. Ndani yake mlikuwa na tope, tope halisi la langoni, la asubuhi hiyo hiyo. Akalimwaga kwenye gazeti, akalikanyaga na viatu vyote viwili, akauliza, "Lile la raba lenye matundu liko wapi? Litandike chini."

"Mama! Unafanya nini dukani kwangu?"

"Nachagua."

Alitembea juu ya kila moja, macho amefumba, akigeuka, akirudi, mwenye duka akimfuata na ufagio huku akimwita Mungu. Alichukua la raba gumu lenye matundu, tope lidondoke chini lisirudi kwenye kiatu. Alichukua la nyuzi ngumu kama brashi ya kufulia. La tatu alichukua lile la kijivu, nywele fupi, zito, linalokunywa maji. Na hilo alitaka mawili, moja likiwa kazini jingine liko kwenye chaga linakauka. Yote mgongo wa raba yasitembee, yote kingo zake zimelala, fimbo isikwame wala gurudumu la kiti cha mgonjwa lisiruke.

"Rangi?" mwenye duka aliuliza kwa uchovu.

"Ya tope."

Siku ya Alhamisi yalikuwa yametandikwa, matatu kwa mstari kutoka ngazini mpaka ndani kabisa, marefu kuliko yote ambayo mlango wowote wa mji ule uliwahi kuona. Mlinzi aliyaangalia akatikisa kichwa kwa heshima.

"Haya sasa ndiyo ya mlangoni. Mabaya mpaka yanatia imani."

Ijumaa mvua ilishuka na hasira za wiki nzima. Maji yalipita langoni kama mto unaokimbia deni. Bi Kanyaga alikaa kwenye kigoda chake kando ya mlango, akafumba macho, akasikiliza. Walianza kuja. Kwenye raba miguu ilipiga *tapa*, *tapa*, nzito, na tope likaanguka. Kwenye nyuzi ikabadilika ikawa kama mtu anapiga mswaki. Kwenye la kijivu ikazama, ikatulia, mara mbili, mara tatu. Kisha kwenye kigae ikatoka kavu, *tok*, *tok*, kama misumari midogo. Watu mia walipita hivyo, mmoja baada ya mwingine, mvua ikiingia upande mmoja wa wimbo na kuishia katikati, na yeye hakujua kama yuko macho au ameshalala. Hakuna aliyevua. Hakuna aliyeruka. Hakuna hata aliyeangalia chini.

Mwalimu alikuja katikati yao. Alipanda ngazi, akakwaruza, akasugua, akatulia, akatoka kwenye kigae, akatembea hatua tano bila fimbo kugusa kitu, akaweka mkono juu ya meza ya mapokezi sawasawa, wala hakupapasa.

"Nimefika," alimwambia muuguzi, kama mtu anayetoa taarifa ya kawaida.

Saa nne la kijivu lilikuwa limeshiba. Yeye na mlinzi waliliinua, zito kama ndama, wakaliweka kwenye chaga barazani, wakatandika pacha wake mkavu kabla watu kumi hawajapita. Alipoinuka alimwona msimamizi amechuchumaa ukumbini, hatua tatu kutoka mlangoni, pale alipokaa chini puu yule bibi. Alikuwa amekunjua kitambaa chake cheupe cha mfukoni. Akafuta kigae. Akakiangalia kitambaa. Akasogea mbele akafuta kingine, akaangalia tena, kama anayetafuta kosa na halipati. Akainuka, akakikunja, akapanda ngazi kwenda ofisini kwake.

Mtu wa kampuni alifika saa sita, koti la mvua, mkoba wa ngozi, viatu vya bei. Mazungumzo ya simu yalikuwa yamemkaa sikioni. Aliingia akiongea, na miguu yake ikajifuta yenyewe, *tapa*, *tapa*, ikasuguliwa, ikakauka, asijue. Akaonyeshwa ngazi. Bi Kanyaga alihesabu waliopita baada yake. Alifika kumi na saba, mtu huyo akawa ameshashuka, mkoba wake haujafunguliwa.

Akiwa anatoka simu ilikuwa mfukoni, na sasa aliangalia chini. Alisimama kwenye la nyuzi, akarudi kwenye la kijivu, akalibonyeza kwa kisigino, akainua pembe kwa ncha ya kiatu aone mgongo wake. Alikuwa mtu wa kazi, huwezi kumnyima hilo.

"Nani amewachagulia haya?" aliuliza.

"Mimi," alisema Bi Kanyaga.

Mtu huyo alimwangalia, akaangalia kigoda, akaangalia magoti yake. Akatikisa kichwa kidogo, akafunga koti, akaingia kwenye mvua.

Watu walizidi kuja. Upande wa kulia wa lile la raba ulikuwa umeanza kujaa tope kuliko wa kushoto, kwa sababu wote waliotoka kituo cha basi walikata kona hiyo hiyo. Bi Kanyaga alisubiri mwanya, akapiga magoti, akashika ukingo, na akiwa anaimba wimbo usio na maneno, akaligeuza, kichwa kikawa miguu na kushoto kukawa kulia.